Usiyaite Magofu: Makaburi ya Kaole na Thamani Yake

Ukifika Bagamoyo na kuuliza njia ya Kaole, utaelekezwa kwa neno moja: magofu. Dereva wa bodaboda analijua, muuza samaki analijua. Ni kilomita 5 hivi kusini mwa mji, na neno lenyewe limezoeleka mpaka halimshtui mtu tena. Lakini tulitazame vizuri. Gofu ni nyumba iliyohamwa: mwenyewe kaondoka, paa limeporomoka, kuta zimebaki zikisubiri mvua zimalize kazi. Kaole ipo misikiti miwili ambayo kweli imekuwa gofu. Kinachobaki, na ndicho kingi, ni makaburi, zaidi ya 20, yaliyojengwa kwa mawe. Na kaburi halihamwi. Aliyelazwa humo bado yumo.

Naandika haya kwa sababu naamini neno hilo limetugharimu. Tukishasema magofu, tunakwenda kutazama kuta, tunauliza zina miaka mingapi, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Tungesema mavani, au makaburi ya wazee, tungeingia kwa mwendo mwingine na tungeuliza mengine: hawa ni nani, wanamhusu nani, na ni nani mwenye haki ya kusema wafanyiwe nini? Watu wa mambo ya kale wana jina la mjumuiko wa maswali hayo, wanaliita thamani ya urithi. Ni jina linalosikika jepesi. Ukilifungua, unakuta ndani yake mna mambo yanayovutana, na Kaole ni mahali pazuri pa kuyaona yakivutana.

Tuanze na kilichopo. Karibu kila kitu pale kimetoka baharini. Jiwe ni tumbawe, nalo ni la aina mbili. Lipo la nchi kavu, gumu, lenye matundu, linalochimbwa kwa ajili ya kuta nene. Lipo na bichi, linalokatwa majini likiwa laini kiasi cha kuchongeka, kisha likikauka linakuwa gumu. Hilo ndilo fundi alilolitumia kwenye kingo, kwenye matao na kwenye nakshi. Kinachoyashika mawe hayo ni chokaa, nayo pia ni tumbawe lililochomwa juu ya lundo la magogo hadi likawa unga. Msikiti mkongwe zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Makaburi mengi yanawekwa kati ya karne ya 14 na ya 16. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa mambo ya kale wa Tanganyika, alisafisha vichaka na kuchimba pale, na sehemu kubwa ya tarehe tunazozitaja mpaka leo zinatokana na kazi ile.

Makaburi yenyewe ni kuta fupi za mstatili, pembe zake zimeinuliwa kidogo, mengine yana paneli zilizochongwa ubavuni. Yamelala mashariki na magharibi. Mtu wa pwani aliyewahi kusimama kwenye mazishi anaelewa mara moja, maana kutoka Bagamoyo Makka iko karibu kaskazini kabisa: maiti analazwa ubavu wa kulia, uso kibla, na kaburi linafuata mwili. Ujenzi wa juu ni wa kifahari, lakini aliyeko chini amezikwa kama anavyozikwa Muislamu wa leo.

Kisha zipo nguzo. Baadhi ya makaburi ya Kaole yana nguzo ya mawe iliyosimama upande mmoja, na ndefu kati yake inapita kimo cha watu wawili. Karibu na kilele huachwa vidaka vya duara, na ndani ya vidaka hivyo zilipachikwa bakuli na sahani za kauri kutoka China. Utaziona nguzo za namna hii Tongoni karibu na Tanga, ambako makaburi ya kale yanazidi 40. Utaziona Kunduchi, Malindi kando ya Msikiti wa Juma, Gedi, na kupanda hadi pwani ya Somalia. Nje ya pwani hii huzioni. Uajemi hazipo, Oman hazipo. Wataalamu wamebishana miaka mingi zilianzaje, wengine wakizihusisha na desturi za kusimamisha mawe kwa wafu zilizokuwapo kwa jirani zetu wa kaskazini kabla ya Uislamu, na ubishi huo haujaisha. Naomba msomaji aiweke nguzo hii akilini, maana tutairudia.

Sasa tuingie kwenye swali gumu kuliko yote: waliolala Kaole, hawa tunaowaita wakaaji wa kwanza, walikuwa nani? Ukitembezwa Kaole utasikia jina la Washirazi. Hadithi yake inajulikana pwani nzima, nayo imeandikwa katika tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha kale cha historia ya mji huo: mtu mkubwa wa Shiraz, mji wa Uajemi, anaondoka na wanawe, majahazi ni saba, kila moja linatia nanga mahali pake, na miji inazaliwa. Bagamoyo na viunga vyake ina pia masimulizi ya Washomvi, ambao wanaitaja Barawa, mji wa pwani ya Somalia, kuwa ndiko walikotoka. Kwa muda mrefu wasomi wa kizungu walizisoma hadithi hizi kwa namna moja tu: kwamba miji ya mawe ilijengwa na wageni, na Mwafrika alikuwa mtazamaji au mbeba mawe. Kusoma huko kulisaidia sana wale waliotaka kusema kuwa bara hili halikuwahi kuwa na mji wake.

Baadaye akiolojia iligeuza meza. Chini ya misingi ya mawe katika miji mingi ya pwani zilikutwa nyumba za miti na udongo, na vyungu vyenye michoro ya pembetatu vya karne ya 6 hadi ya 10. Vyungu hivyo vimekutwa pia mbali bara, na mtaalamu wetu Felix Chami ni mmoja wa waliovifanyia kazi kubwa. Maana yake ni kwamba kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa juu ya jiwe, watu wa lugha za Kibantu walikuwa tayari wanalima, wanafua chuma, wanavua na kufanya biashara na majahazi. Ikawa zamu ya kusema kinyume: Washirazi hawakuwapo kabisa, ni hadithi ya kujipa ukubwa.

Mwaka 2023 mifupa ikasema. Jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80, wengi wao waliozikwa pwani kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, katika miji kama Manda, Faza, Mtwapa, Songo Mnara na Kilwa. Kwa wengi wa hao wa pwani asili ilikuwa ya pande mbili. Upande wa akina mama ulikuwa karibu wote wa Kiafrika. Upande wa akina baba ulikuwa na sehemu kubwa ya Asia, na hasa Uajemi. Kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000, yaani wakati ule ule hadithi ya Kilwa inapoyaweka majahazi yake. Kwa hiyo wazee hawakutudanganya, na wanaakiolojia nao hawakukosea. Baba alishuka jahazini, mama alikuwa nyumbani kwake tayari, na mtoto akasema lugha ya mama. Lugha hiyo ndiyo hii unayoisoma.

Lakini angalia jambo moja ambalo vichwa vya habari vililipita haraka. Waliochunguzwa wengi walitoka kwenye makaburi ya fahari, karibu na misikiti. Hao ndio waliokuwa na mali ya kujengewa. Mvuvi, mkulima wa mtama, mtumwa wa shambani, mama aliyefinyanga vyungu, hao walizikwa kwenye udongo bila jiwe, na hatujui wamelala wapi. Kaole ni hivyo hivyo. Tunapoyaita makaburi ya wakaaji wa kwanza, tunasema kweli nusu. Ni makaburi ya wale wakaaji walioweza kulipia chokaa.

Na hapa nairudia ile nguzo. Tuchukue kwamba aliyelala chini yake babu yake alitoka Shiraz au Barawa au Hadhramaut. Alipokufa, wanawe hawakumzika kwa mtindo wa huko. Walimsimamishia nguzo ambayo huko haipo, kwa jiwe la mwamba wa hapa, wakaipamba kwa bakuli la Mchina lililoletwa na upepo wa kaskazi. Mtu hajengewi kaburi la namna hiyo na watu wanaomwona mgeni. Kwangu mimi hilo ndilo jibu linalotoka kaburini lenyewe, na halihitaji maabara: huyu alikufa akiwa mtu wa pwani.

Tukishafika hapo tunaweza kuzungumzia thamani bila kuelea hewani. Mwaka 1979 wataalamu wa uhifadhi walikutana Burra, mji wa zamani wa wachimba shaba huko Australia Kusini, wakakubaliana namna ya kupima umuhimu wa mahali pa kale. Mkataba huo wa Burra umesambaa duniani. Unataja uzuri wa mahali, historia yake, elimu inayoweza kupatikana humo, uzito wake kwa jamii, na baadaye ikaongezwa thamani ya kiroho. Faida ya orodha hiyo ni kwamba inakulazimisha uulize zaidi ya umri. Hasara yake ni kwamba inaweza kukufanya udhani thamani hizo zinakaa pamoja kwa amani. Makaburini hazikai. Mwanasayansi anataka mfupa, maana humo ndimo elimu ilimo. Mjukuu anataka mfupa ulale. Mtalii anataka uzio ufunguliwe na njia ipite katikati ya nguzo. Anayekuja kusoma Yasini anataka utulivu. Kila mmoja ana haki yake, na hakuna jedwali linaloweza kuwagawia.

Uchunguzi wa vinasaba nilioutaja unatupa mfano mzuri wa namna ya kupita katikati. Katika kazi ya Mtwapa, mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na wenzake walizungumza kwanza na jamii ya pale, wakakubaliana kuwa mifupa itachukuliwa sampuli kisha irudishwe ardhini msimu ule ule. Haikuwekwa kwenye maboksi ya stoo. Hiyo ni heshima inayopimika, na kila anayeomba kibali cha kuchimba makaburi yetu angetakiwa aahidi hivyo kwa maandishi.

Sheria inasemaje? Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Ndani yake mna mwaka mmoja wenye uzito mkubwa: 1863. Jengo, ngome, kaburi au kitu kingine kilichojengwa na mkono wa mtu kabla ya mwaka huo kinalindwa chenyewe, bila kuhitaji tangazo. Kilichojengwa baada ya hapo hakilindwi mpaka waziri atangaze. Kaole iko ndani ya mstari huo bila shaka yoyote. Lakini rudi Bagamoyo mjini uone mstari ule unavyokata.

Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakafungua misheni Bagamoyo. Walikomboa watumwa, wengi wao watoto, na kuwajengea kijiji. Hao nao walikuwa wakaaji wa kwanza wa namna yao: watu waliong'olewa Unyamwezi, Umanyema na kandokando ya Ziwa Nyasa, wakajikuta wanaanza maisha mapya mahali wasipokuwa na ukoo hata mmoja. Misheni ina makaburi yake, misalaba imepangwa kwa safu, na mapadre wengi waliolala pale walikufa vijana, homa ikiwawahi kabla hawajazoea hewa. Makaburi yale yamechelewa mstari wa sheria kwa miaka 5 tu. Bahati nzuri wenyewe wanayatunza, na mwaka 1983 Mji Mkongwe wa Bagamoyo ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Lakini fikiria makaburi mengine ya zama zile, ya wapagazi na ya waliokombolewa, yasiyo na kanisa wala serikali nyuma yake. Mwaka uliochaguliwa ofisini unaweza kuwa ndio tofauti kati ya kaburi na kiwanja.

Karibu na ufuo wa Bagamoyo yapo pia makaburi ya Wajerumani, machache, yamezungushiwa ukuta, yana majina na tarehe. Wengi wao walikufa katika vita ya Abushiri ya mwaka 1888 na 1889 na miaka michache iliyofuata. Si mbali na hapo pameandikwa kumbukumbu ya mahali Wajerumani walipowanyonga Waafrika waliopinga utawala wao. Jina hata moja halipo. Nimefikiria sana tofauti hiyo. Askari aliyekuja kutwaa nchi ana kaburi, jina, umri na mji aliozaliwa. Aliyeilinda nchi yake ana kibao cha jumla. Sisemi makaburi ya Wajerumani yaachwe yaharibike. Maiti hana kosa la kuadhibiwa, na makaburi yale ni ushahidi wa jambo lililotokea, ushahidi ambao hatuna budi kuushika. Ninachosema ni kwamba mnara wa kumbukumbu na kaburi ni vitu viwili. Kaburi lina mtu. Mnara unajaribu kuziba pengo la mtu asiyepatikana, na kadiri unavyokuwa na maneno ya jumla ndivyo pengo linavyozidi kuonekana. Kazi ya kuyatafuta majina ya walionyongwa katika nyaraka za Kijerumani ni kazi ya urithi sawasawa na kuziba nyufa za msikiti.

Turudi Kaole, kwa sababu lipo jambo pale ambalo mjini halipo kwa kiasi kile. Kaburi moja linajulikana kwa jina la Sharifa. Watu bado wanalizuru. Wanakuja na ubani na marashi, wanaacha fedha kidogo, wanaomba dua, wanaweka nadhiri ya mtoto au ya safari. Kwa Kiswahili cha pwani neno ziara lilikuwa na maana hii kabla halijawa la waziri na msafara wake. Kuzuru ni kwenda kaburini. Na anayezuru huanza kwa salamu, anawatolea salamu watu wa makaburini kama anavyopiga hodi mlangoni kwa mtu.

Wapo Waislamu wengi wasioridhika na hayo. Wanakumbusha kwamba hadithi za Mtume zinakataza kaburi kujengewa na kupakwa chokaa, na kwamba haja huombwa kwa Mungu peke yake. Hoja yao ni nzito, ina elimu nyuma yake, na kuwaita maadui wa urithi si haki. Wengine wanajibu kwamba wanamwomba Mungu mahali palipobarikiwa, hawamwombi maiti. Mabishano haya yana karne nyingi na hayataamuliwa na idara ya serikali. Lakini mhifadhi analazimika kujua kuwa yapo. Akisema kaburi la Sharifa ni jengo la kihistoria tu na kuwazuia watu na ubani wao, amechukua upande bila kujua. Akiwahimiza watalii wakatazame watu wanavyoomba, amechukua upande mwingine, na kwa maoni yangu huo ni mbaya zaidi, kwani anageuza haja ya mtu kuwa onyesho. Njia ya heshima ni kuwaachia nafasi na saa zao, na kutowaelekezea kamera.

Thamani hii ya kuzuriwa ndiyo inayoniaminisha kwamba Kaole ni mavani hai. Mji wenyewe ulipungua. Mikoko ilizidi kusogea, tope likajaa, bandari ikafungika, na leo kati ya makaburi na maji ya bahari kuna msitu wa mikoko. Biashara ikahamia Bagamoyo, ambako karne ya 19 njia ya misafara kutoka Ujiji ilikuja kuishia. Hata hivyo Kaole haikufa: mwaka 1857 wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walianzia hapo safari yao ya kwenda maziwani, wakikuta kijiji na kikosi cha Mabalochi, askari wa Sultani wa Zanzibar. Watu walikuwapo, na wapo. Kijiji cha Kaole kina wakaaji mpaka leo. Wamezaliwa jirani ya nguzo hizi, na sijaona sababu kwa nini watu wa mbali waulizwe kabla yao.

Sasa uharibifu, ambao unakwenda kimyakimya. Kwanza ni wizi. Karibu pwani nzima vile vidaka vya nguzo ni vitupu. Bakuli na sahani zilibanduliwa, nyingine kwa nondo, zikaenda kwa wakusanyaji. Chache ziliokolewa zikaingia makumbusho. Anayebandua sahani ya Mchina huona ameondoa pambo. Ameondoa tarehe, kwa kuwa kauri ndiyo inayomwambia mtaalamu kaburi lisilo na maandishi ni la zama zipi. Makaburi yenye mwaka ulioandikwa ni machache mno. Moja ni lile la Gedi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na ndiyo maana linatajwa katika kila kitabu.

Pili ni sementi, na hapa wengi wanakosea kwa nia njema. Ufa ukionekana, fundi wa leo anachanganya mchanga na sementi na kuuziba. Kwa macho kazi inapendeza. Lakini ukuta wa tumbawe unanyonya maji ya mvua na chumvi ya bahari, kisha unayatoa polepole kupitia chokaa. Sementi haitoi. Maji yanabaki ndani, chumvi inageuka chembe zinazotanuka, na baada ya misimu kadhaa sementi inasimama imara huku tumbawe nyuma yake likimomonyoka. Dawa ni chokaa ile ile ya zamani, iliyochomwa, ikalowekwa majini muda mrefu, ikapakwa kidogo kidogo na kufunikwa isikauke haraka. Ni kazi ya subira na inahitaji mafundi. Maarifa hayo hayajapotea. Lamu, Unguja na Kilwa wapo wanaoyajua. Kufundisha vijana kumi wa Kaole kazi ya chokaa kungeyafaa makaburi yale kuliko mabango mapya.

Tatu ni mizizi. Mti ukiota juu ya kaburi unaonekana kama baraka, na kivuli chake ni kizuri, lakini mzizi unaingia kwenye kiungo cha mawe ukiwa mwembamba kama uzi na unanenepa humo. Kuung'oa ukishakuwa mkubwa kunabomoa kuliko kuuacha. Kwa hiyo palizi ya kila mwaka, ile ambayo watu wa pwani hufanya makaburini kabla ya Ramadhani kwa panga na jembe, ndiyo uhifadhi wa kwanza. Haina mfadhili na haihitaji.

Pia wapo wanaokaa juu ya makaburi ili wapigwe picha. Hili sitalifafanua.

Juu ya yote hayo kuna mpaka. Kaole ya leo ni kile kilichomo ndani ya uzio: misikiti, makaburi ya mawe, kisima, mibuyu. Mji uliokuwa na misikiti miwili haukuishia hapo. Nyumba zake nyingi zilikuwa za miti na udongo, na watu wake wengi walizikwa bila jiwe, nje ya mahali tunapopaita Kaole. Ardhi ya pwani inapanda bei, viwanja vinapimwa, misingi inachimbwa. Sheria haijali kama kaburi limejengewa au ni la udongo mtupu, ilimradi ni la kabla ya 1863, lakini haiwezi kulinda kisichojulikana kilipo. Vipo vifaa vya kupima ardhi bila kuichimba, vinavyoonyesha mahali udongo ulipowahi kufukuliwa na kufukiwa. Kazi ya kwanza ningeomba ifanywe Kaole, kabla ya maegesho na kabla ya kibanda cha vinywaji, ni watu wenye vifaa hivyo kutembea na wazee wa kijiji nje ya uzio, hatua kwa hatua hadi ukingo wa mikoko, na kuweka alama kila watakapokuta mtu amelala.